Mbwa hamwulizi soda alikotoka

Treni inayotoka Kolwezi kwenda Dilolo hupita Mutshatsha, kisha Kasaji, halafu huendelea kuelekea mpaka wa Angola. Mwezi wa tatu 1977 vita ilikuja kwa upande wa pili wa njia hiyo. Wapiganaji wa FNLC, wengi wao wana wa Katanga waliokuwa wakiishi uhamishoni, walivuka kutoka Angola, wakachukua Dilolo, Kisenge na Kasaji, na tarehe 25 ya mwezi huo wakaingia Mutshatsha. Wazee huiita vita hiyo ya siku makumi nane, ili kuitofautisha na ile ya siku sita iliyoupiga mji wa Kolwezi mwezi wa tano 1978.

Vitabu vya historia hueleza tarehe hizo na majina ya wakubwa wa majeshi. Havielezi sana habari ya askari aliyerudi nyumbani akashindwa kulala, wala ya mke aliyelala kando yake akimwogopa. Na jambo hilo si la 1977 tu. Leo pia kuna vijana waliovaa sare na kupelekwa mashariki, ambako Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Watakaorudi watarudi kwa mama zao, wake zao na watoto wao, katika miji kama Kasaji, ambamo daktari wa magonjwa ya akili si mtu wa kumpata kwa urahisi.

Makala hii inamweleza msaidizi mmoja ambaye hatajwi mara nyingi tunapozungumza juu ya majeraha ya moyo: mbwa. Tutaanza na maneno, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Kisha tutaona mbwa anafanya nini kwa mtu aliyetoka vitani, tutakwenda Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako kazi hiyo imefanywa kweli, na mwishoni tutarudi Kasaji.

Tusi na mwenzi wa kazi

Katika Kiswahili tunachosema Kolwezi na Kasaji, mwanajeshi ni soda, kutokana na neno la Kifaransa soldat. Msomaji wa Dar es Salaam atafikiri tunataja chupa ya kinywaji. Mbwa tunamwita imbwa, na mtu akimwita mwenzake hivyo, ugomvi umekwisha kuanza. Tusi hilo liko katika Kiswahili cha pwani na cha bara vilevile. Methali ya pwani inaonya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini, maana yake mnyama huyu ana mahali pake, na mahali hapo ni nje.

Kuna na neno basenji. Wafugaji wa Ulaya wanalitumia kama jina la mbwa wa Kongo, mdogo, mwenye mkia uliojikunja, ambaye habweki kama wengine bali hutoa sauti kama ya kuimba. Mbwa hao walipelekwa Uingereza wakafugwa na kuzalishwa huko katika miaka ya 1930. Lakini neno lenyewe ni letu. Basenji ni washenzi, watu wa porini, tusi ambalo enzi za ukoloni walitupiwa wanakijiji. Mbwa wa kijiji na mwenye mbwa waliitwa jina moja. La mbwa likageuka kuwa fahari katika mashindano ya Ulaya, la mtu likabaki tusi.

Upande mwingine wa urithi wetu unasema tofauti. Walunda wanamkumbuka Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka Uluba akamwoa Rweej, na Wachokwe walimchonga katika sanamu ambazo leo ziko katika majumba ya makumbusho ya dunia. Chibinda ni mwindaji stadi. Kwa watu wanaohesabu mwindaji kuwa babu wa ufalme, mbwa hakuwa uchafu wa nje. Alikuwa mwenzi wa kazi, aliyetangulia porini na kurudi na bwana wake jioni. Kwa hiyo anayesema kwamba kumpenda mbwa ni desturi ya wazungu anasahau sehemu ya historia ya hapa hapa.

Maneno mawili zaidi yanahitaji kuwekwa sawa. La kwanza ni kiwewe, yaani hali ya akili kuchanganyikiwa kwa hofu, neno linalotumiwa sasa kwa jeraha la moyo linaloachwa na vita, ubakaji au ajali kubwa. La pili ni faraja. Asili yake ni Kiarabu, na humaanisha kufunguka kwa dhiki, kupata nafuu baada ya kubanwa. Faraja si kupona. Aliyefiwa hufarijiwa, lakini marehemu harudi. Tofauti hiyo tuishike, maana itatulinda tusimpe mbwa sifa asizostahili.

Mwili unaoendelea kupigana

Katika vita ya kwanza ya dunia madaktari wa Uingereza walidhani askari waliotetemeka na kunyamaza wameathiriwa na mshtuko wa mizinga. Ilichukua muda mrefu kukubali kwamba hata asiyeguswa na kombora anaweza kuumia ndani. Mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam, madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili.

Dalili zake zinajulikana hata na asiyejua jina lake. Mtu huona tena yaliyopita, usiku katika ndoto na mchana macho wazi. Hukwepa mahali, watu na maneno yanayomkumbusha. Moyo wake hufa ganzi, asifurahie mtoto wake mwenyewe. Na mwili wake hukaa macho kila saa: mlango ukigongwa anaruka, sokoni anatafuta ukuta wa kuegemea, kitandani anasikiliza hatua za watu wasiokuwepo. Vita imekwisha, lakini mwili haujapata habari.

Mbwa anaingia hapo kwa njia nne, na hakuna hata moja iliyo ya uchawi.

Kwanza, analinda. Masikio yake ni makali kuliko ya binadamu, na askari analijua hilo. Mbwa akilala kimya mlangoni, ni dalili kwamba hakuna anayekuja. Mtu aliyezoea kukesha anaweza kumwachia mwingine zamu.

Pili, ana ratiba. Lazima ale, anywe, atembezwe. Aliyepoteza sababu ya kuamka anapata kiumbe kinachomsubiri asubuhi. Ni kazi ndogo, lakini ni kazi ya kutunza uhai, kwa mtu aliyefundishwa kuutoa.

Tatu, anagusika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walionyesha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Ni homoni ileile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto anayenyonya. Kwa mtu ambaye kuguswa na binadamu kumekuwa jambo la hofu, mgongo wa mbwa ni mahali salama pa kuweka mkono.

Nne, na hili ndilo la kutushughulisha zaidi sisi wa lugha: mbwa haulizi. Mke huuliza, mchungaji huuliza, majirani huuliza kwa macho: ulifanya nini huko, uliua, ulikimbia? Kila swali linamtaka aliyerudi awe na hadithi, na hadithi anayo, ila hawezi kuisema, au akiisema atafukuzwa. Mbwa hana haja nayo. Anampokea jinsi alivyofika.

Hayo yalionekana kabla wanasayansi hawajayapima. Mwaka 1944 askari wa Marekani waliokuwa New Guinea waliokota mbwa mdogo mno, asiyefika hata kilo mbili, na askari mmoja, Bill Wynne, akamlea, akamwita Smoky. Wynne alipolazwa kwa homa ya dengi, wenzake walimletea mbwa wake hospitalini. Wauguzi waliona jinsi wagonjwa wengine walivyochangamka, wakaanza kumpitisha kwa majeruhi, kitanda hadi kitanda. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York aliandika jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kuwafikia watoto waliokataa kusema naye, na baadhi ya wenzake wakamcheka.

Baadaye vikaja vipimo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanajeshi 141 wenye kiwewe cha vita: 75 walikuwa na mbwa aliyefunzwa, 66 walikuwa bado wanasubiri wao. Wenye mbwa walikuwa na dalili chache zaidi za kiwewe na za huzuni, na hali yao katika jamii ilikuwa bora. Lakini waandishi hawakusema kwamba wamepona. Ugonjwa ulikuwepo bado, ila uzito wake ulikuwa umepungua. Hiyo ndiyo faraja kwa maana yake halisi.

Gulu: walioibwa na waliorudi

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya nchi tajiri, ambako mbwa ana daktari wake na chakula cha dukani. Ndiyo sababu inafaa twende Gulu.

Kwa karibu miaka 20, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mazungumzo ya Juba ya 2006, nchi ya Waacholi iliteswa na vita kati ya serikali ya Uganda na LRA ya Joseph Kony. Sisi Wakongo tunalijua jeshi hilo, kwani lilihamia msitu wa Garamba, na Krismasi ya 2008 lilimwaga damu nyingi Haut-Uele. Wanajeshi wake wengi walikuwa watoto walioibwa. Shirika la UNICEF lilikadiria zaidi ya watoto 25,000. Wakati mbaya zaidi, hadi watoto 40,000 walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu na Kitgum, chini ya vibaraza na katika nyua za makanisa, ili wasichukuliwe usiku.

Walioibwa walilazimishwa kuua, mara nyingine kuua jamaa zao wenyewe, ili wasiwe na pa kurudi. Wasichana walifanywa wake wa makamanda. Waliotoroka walirudi wakiwa askari bila kuchagua, na wengine wakiwa na watoto mgongoni. Nyumbani waliogopwa. Waacholi wana neno cen, roho ya aliyeuawa inayomwandama muuaji na hata jamaa yake, na aliyerudi alidhaniwa kuwa nayo. Kulikuwa na vituo vya kuwapokea, na kulikuwa na desturi za upatanisho kama mato oput. Hata hivyo, wengi walikaa pembeni ya kijiji, hawaongei na mtu.

Francis Okello Oloya ni mtoto wa vita hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alikuwa akilima shambani, jembe likagonga bomu lililofukiwa, likampofusha. Baadaye alisoma shule ya bweni, na usiku ilimbidi aende msalani peke yake asione njia. Mbwa waliokuwa wakizunguka hapo walimzoea, wakawa wanamsindikiza kwenda na kurudi. Alipokuwa mtu mzima akasomea saikolojia ya jamii, hakusahau walichomfanyia. Katikati ya miaka ya 2010, pamoja na The BIG FIX Uganda, shirika lenye hospitali ya wanyama Gulu, alianzisha mradi uitwao Comfort Dog Project, yaani mradi wa mbwa wafariji.

Jinsi unavyokwenda ni rahisi kueleza. Mbwa si wa kuagizwa ng'ambo. Ni mbwa wa Gulu, waliotupwa au wasio na mwenyewe. Huchanjwa, huhasiwa ili wasizaane ovyo, na tabia yao hupimwa, kwani mbwa mkali hafai. Kisha kila mmoja huunganishwa na mtu aliyeumizwa na vita. Wawili hao huhudhuria mafunzo kwa miezi kadhaa. Mtu hujifunza kumlisha, kumsafisha, kumwamuru bila kumpiga, na hapo hapo hupata ushauri wa kisaikolojia na kukutana na wengine wenye historia kama yake. Anaahidi kumtunza mbwa huyo maisha yake yote. Wakihitimu, wengine huwa mabalozi wa mradi, huenda vijijini na shuleni kufundisha jinsi ya kuwatendea wanyama.

Tuangalie vizuri mpangilio huo. Aliyerudi kutoka porini akiwa anashukiwa na wote anaanza kwa kusema na mbwa: kaa, njoo, subiri. Ni maneno machache ya amri, yaani lugha ileile ya jeshi, ila safari hii amri haimdhuru mtu. Halafu anaanza kusema juu ya mbwa: amekula, anaumwa, ameanza kunizoea. Watoto wa jirani wanasogea kumtazama mbwa, naye anawajibu. Mwishoni anasimama mbele ya darasa zima anaeleza, na watu wanaomsikiliza hawaoni muuaji, wanaona mwalimu. Mbwa hakuyachukua mahali pa maneno. Aliyafungulia njia, na ushauri wa kitaalamu ukapata pa kuingilia.

Mke, watoto na sahani

Askari hawaumii peke yao. Katika nchi yetu wanajeshi wengi huishi kambini na jamaa zao, na kiwewe cha baba hukaa chumba kimoja na watoto. Mbwa anaweza kuwa mtu wa katikati. Mtoto anayeogopa kumkaribia baba yake moja kwa moja anaweza kumkaribia akiwa anamkuna mbwa. Mke anapata ishara: mbwa akimfuata bwana wake chumbani na kulala miguuni pake, mama anajua kwamba usiku huo kuna mwingine aliye macho.

Lakini familia hubeba pia mzigo. Watafiti wa Purdue walipowauliza wenzi wa wanajeshi, walisikia mambo ya pande mbili: utulivu zaidi nyumbani, na pia kazi zaidi ya kumtunza mbwa. Huku kwetu swali la kwanza litakuwa la sahani. Nyumba inayokula mara moja kwa siku itamlisha mbwa nini? Jibu la vijijini linajulikana: makombo ya bukari, mifupa, anachookota. Mbwa anaishi hivyo, lakini mbwa mwenye njaa hutangatanga, na anayetangatanga huleta ugonjwa.

Hapo tunafika kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote, kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie chanjo bila kungoja. Mbwa asiyechanjwa si mfariji, ni tishio ndani ya nyumba. Wa Gulu walilijua hilo, ndiyo maana kazi yao ilishikamana na hospitali ya wanyama tangu mwanzo.

Na wako watu ambao hawafai kupewa mbwa kabisa. Aliyeona mbwa wakizunguka kati ya maiti katika njia za Kolwezi mwaka 1978 hatatulizwa na mkia unaotikisika. Aliyejificha kichakani akiomba mbwa wa jirani asibweke na kuwafichua ana kumbukumbu nyingine. Mwenye hasira asiyoweza kuizuia atampiga mbwa kabla ya kumpiga mke, au baadaye. Kwa hao njia ni nyingine, na kumlazimisha mtu kufarijiwa ni kumwumiza tena.

Kasaji inaweza kuanzia wapi

Kasaji haihitaji kuiga Gulu kwa kila kitu. Mbwa wapo tayari, wa walinzi, wa wawindaji, na wa ovyo wanaozunguka sokoni na kituoni. Kinachokosekana ni vitu vitatu vinavyowageuza kuwa faraja: chanjo inayofika kwa wakati, mtu wa kufundisha kumwongoza mbwa bila fimbo, na mtu wa kumsikiliza aliyerudi, siku atakapokuwa tayari kusema. Cha kwanza ni kazi ya mganga wa wanyama. Cha pili kinaweza kufanywa na mwindaji mwenye subira. Cha tatu ndicho kigumu, maana bila hicho mbwa anabaki peke yake na mzigo usio wake.

Na hapo ipo sehemu yetu. Mtu anayesikiliza anahitaji maneno ya kuuliza bila kushtaki. Tunasema kichwa kimeharibika, tunasema amelogwa, tunasema ni bangi. Kila moja ya maneno hayo humfunga aliyerudi mdomo. Kuna haja ya kukusanya, katika Kiswahili chetu, katika Kichokwe na katika Kiruund, jinsi watu wa Kasaji wenyewe wanavyotaja usingizi uliokimbia, moyo unaoruka, aibu isiyosemeka, na kuwapa wauguzi na wachungaji maneno hayo. Wanafunzi wa lugha wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo, kwa daftari na kalamu, wakikaa na wazee waliozikumbuka zile siku makumi nane.

Wakati huo huo, mbwa wataendelea na yao. Soda atashuka kwenye treni na begi lake, jamaa watakuwa wanapanga watamwuliza nini, na imbwa wa nyumbani atamkimbilia kwanza. Tumwache amfikie, kisha sisi tusogee polepole nyuma yake.